Kukarabati Paa, Mifereji na Mapambo ya Shaba Katika Majengo ya Kale

Paa la shaba nyekundu lililopigwa vizuri hudumu zaidi ya karne moja, na mara nyingi mbao zilizo chini yake ndizo hutangulia kuoza. Kwa hiyo likianza kuvuja, usikimbilie kusema shaba imezeeka. Tafuta mambo mawili: mahali ambapo bati limenyimwa nafasi ya kucheza, na mahali ambapo limewekwa na jirani asiyepatana naye, awe chuma, zinki, lami au maji yenye tindikali. Karibu kila ufa na kila tundu utakalolikuta limeanzia kwenye mojawapo ya hayo. Ukarabati usioondoa chanzo huishia kuwa kiraka juu ya kiraka.

Maelezo haya ni ya fundi bati anayejua tayari kukata na kukunja lakini hajazoea jengo la kale, na ya msimamizi anayetaka kujua akipanda juu aangalie nini. Popote panapotajwa shaba hapa, ni ile nyekundu, si ya njano.

Ijue metali kabla ya kuigusa

Rangi na uchafu wa miaka mingi humdanganya fundi. Pambo la kijivu chini ya paa laweza kuwa zinki, bati la chuma lililopakwa zinki, chuma kilichopakwa risasi na stani (metali nyeupe laini inayotiwa kwenye lehemu), au shaba iliyopigwa rangi. Anza na sumaku: ikishika, ni chuma ndani. Isiposhika, kwaruza kwa ncha ya kisu mahali pasipoonekana. Wekundu ni shaba. Weupe wenye rangi ya samawati na ugumu fulani ni zinki. Metali inayong'aa na kukwaruzika hata kwa ukucha ni risasi. Usiruke hatua hii, kwa sababu zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419 za Selsiasi na risasi kwenye nyuzi 327, wakati shaba hustahimili mpaka nyuzi 1,085. Mwali ambao shaba haiujali huacha tundu kwenye ua la zinki kwa kufumba na kufumbua.

Rangi ya zamani ichukulie kuwa ina risasi mpaka kipimo kikuambie vinginevyo. Usiipige msasa mkavu wala usiichome kwa moto. Ikwangue ikiwa imelowa, vaa barakoa ya kuchuja vumbi laini, na usile wala kunywa hapo mpaka umenawa mikono.

Baada ya hapo pima unene. Usipime katikati ya bati, ambako mvua imekwisha kulila. Fungua pindo moja upime sehemu iliyojificha ndani, ambayo bado ina unene wake wa kwanza. Mapaa mengi ya kale yana kati ya milimita 0.5 na 0.7, na mifereji mara nyingi huwa minene zaidi. Bati jipya la paa liwe na unene uleule. Kwenye mifereji na mabonde ya paa, yaani pembe za ndani ambako pande mbili za paa hukutana, kuongeza milimita 0.1 au 0.2 ni uamuzi mzuri, kwa kuwa huko ndiko maji yanakopita kwa wingi.

Kabla ya kung'oa, kata kwa msumeno kipande cha mshono mzima, urefu wa sentimita 15 hivi, na kifungue polepole mezani. Hapo utaona fundi wa kwanza alikunja mara ngapi, alitumia klipu (vibanio vya bati vinavyoushika mshono kwenye mbao) za upana gani, alizipigilia kwa misumari ya nini, na kama aliacha mwanya. Piga picha, andika vipimo, hifadhi kipande chenyewe. Kisha chora paa lote, lipe kila bati namba, na namba hiyo iandikwe kwa chaki ya nta nyuma ya kila kipande kinachoshuka.

Kusoma majeraha

Ufa ulionyooka, wenye kingo safi, unaofuata kona ya pindo au unaokata mfereji kwa upana ni uchovu wa metali. Joto la mchana na baridi ya usiku vimepinda sehemu ileile kila siku. Shaba inapopindwa mara kwa mara huwa ngumu, na ikishakuwa ngumu hupasuka. Ukiona ufa wa aina hii, tazama pande zote mbili: utakuta bati limepigiliwa misumari moja kwa moja, au mfereji ni mrefu mno na umelehemiwa huku na huku bila kiungo cha kutanukia.

Msururu wa vitundu kwenye bonde la paa, chini kabisa ya ukingo wa vigae vya mawe au vya mbao, ni jambo jingine. Mvua ina tindikali kidogo. Ikidondoka juu ya shaba pana, tindikali hiyo huisha nguvu njiani. Lakini ikiteremka juu ya kigae ambacho hakiipunguzi, huangukia shaba palepale, tone baada ya tone, na kuula utando wa kinga kila unapojijenga. Mbao za mwerezi, kuvu na ndimi za mwani juu ya vigae huzidisha ukali. Utaitambua dalili hii kwa urahisi: kuzunguka tundu, shaba inang'aa kwa wekundu wa waridi huku kwingine ni kahawia au kijani. Kubadilisha bati peke yake hakutoshi. Inua ukingo wa vigae kwa ufito mwembamba ili matone yasambae, au tandika chini ya ukingo huo ukanda wa shaba usiolehemiwa, ambao utaliwa badala ya bonde lenyewe na ambao utaweza kubadilishwa bila kubomoa.

Mistari inayong'aa iliyo chini ya kiraka cha lami ina sababu yake pia. Lami iliyopigwa na jua hutoa tindikali, na maji yanayotoka juu yake huichora shaba. Lami vilevile huziba mishono iliyopaswa kucheza, huficha ufa, na huchafua metali kiasi kwamba lehemu haishiki tena. Bati la shaba lililopakwa lami karibu kila mara lishushwe. Kulisafisha hugharimu kazi nyingi kuliko thamani ya kilichobaki.

Mwisho angalia chini ya paa. Mfereji wa zinki, wa alumini au wa bati la chuma lenye zinki ulio chini ya paa la shaba utaliwa hata kama haugusani na shaba, kwa sababu maji yanayoshuka hubeba chembe za shaba. Kinyume chake hakina madhara kama hayo: maji ya alumini yakishukia shaba, shaba haidhuriki. Kanuni ni kwamba shaba ikae chini ya metali hizo, au chote kilicho chini ya shaba kiwe shaba.

Hesabu ya kutanuka

Shaba hutanuka kwa sehemu 17 za milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Bati la paa linaweza kupanda na kushuka nyuzi 60 kati ya saa ya jua kali na saa ya baridi. Kwa bati la mita 3, hiyo ni milimita 3. Kwa mfereji wa mita 12, ni zaidi kidogo ya milimita 12, upana wa kidole. Zinki na risasi hutanuka zaidi ya hapo, chuma hutanuka pungufu ya hapo.

Milimita hizo hazizuiliki. Ukizibana, zitajitengenezea njia kwa kupasua lehemu, kung'oa misumari au kulikunja bati liwe na mawimbi. Mafundi wa zamani walitumia mabati mafupi yenye mishono mingi, na kila mshono ulichukua sehemu ndogo ya mwendo huo. Usishawishike kuyabadilisha yawe mabati marefu ya mashine yanayotoka kwenye mgongo wa paa mpaka ukingoni. Utapoteza sura ya jengo, na mwendo wote utakusanyika ncha moja.

Sakafu ya mbao na karatasi

Mbao ziwe na unene usiopungua milimita 20, kavu, zimepigwa randa upande wa juu. Ng'oa misumari yote ya zamani ya chuma. Ule unaokatika uuzamishe ndani ya mbao milimita 3 au zaidi na uzibe tundu. Kichwa cha msumari kinachochomoza, hata kwa unene wa shilingi, kitasugua shaba kutoka chini mpaka itoboke.

Juu ya mbao tandika karatasi ya lami ya kuzuia maji, kisha juu yake karatasi laini ya ujenzi iliyotiwa utomvu. Hiyo ya pili ndiyo inayoachia shaba iteleze. Bila hiyo, joto hulainisha karatasi ya lami na kuigandisha kwenye bati. Usitandike nailoni, kwani huufungia unyevu ndani na mbao huoza zikiwa zimefunikwa. Nafasi za hewa zilizokuwepo chini ya paa zibaki wazi. Ukarabati mwingi umeua mbao kwa kuziba matundu ambayo mtu aliyaona hayana kazi.

Mshono uliosimama

Huu ndio mshono wa mapaa mengi yenye mteremko. Kwa Marekani, kanuni iliyozoeleka ni kuutumia kuanzia mteremko wa 3 kwa 12, yaani karibu nyuzi 14. Mteremko ukiwa mdogo kuliko huo, nenda kwenye mshono uliolala na uliolehemiwa.

Chukua bati la upana wa milimita 600 na urefu wa mita 1.8, unene wa milimita 0.7, ugumu wa wastani. Bati laini kabisa liachie mapambo. Kunja ukingo mmoja usimame milimita 35 na ukingo wa pili milimita 45. Hapo upana unaobaki kati ni milimita 520. Unapoliweka bati la pili kando ya la kwanza, ukingo wa 45 uwe upande wa ukingo wa 35 wa jirani yake, na kati ya mabati hayo mawili, chini kabisa, acha mwanya wa milimita 3. Mwanya huu mdogo ndio unaolipa bati nafasi ya kutanuka kwa upana, na ndio kitu cha kwanza ambacho fundi mwenye haraka hukisahau.

Klipu zinakaa ndani ya mwanya huo. Zikate kutoka kwenye shaba ileile, upana wa milimita 50, na uziweke kila baada ya milimita 300. Kila klipu ipigiliwe misumari miwili ya shaba au ya chuma cha pua yenye meno, urefu usiopungua milimita 25, kisha mkia wa klipu ukunjwe kufunika vichwa vya misumari. Hakuna msumari unaopita kwenye bati lenyewe, popote. Mabati yakizidi mita 3, tumia klipu za vipande viwili zinazoteleza, na acha zile zisizoteleza katika eneo moja tu, ili bati lijue lianzie wapi kutanuka.

Sasa funga mshono. Kwa koleo bapa na nyundo ya mbao, kunja milimita 10 za juu za ukingo mrefu zifunike ukingo mfupi, kisha zilaze zielekee chini. Rudia kunja ya pili ya milimita 10. Umebaki na mshono wenye urefu wa milimita 25. Nenda kidogo kidogo urefu mzima, mapito mawili au matatu, badala ya kumaliza sehemu moja kisha kuendelea. Mshono unaofungwa mahali pamoja kwa nguvu huvuta bati na kuacha mawimbi yasiyoondoka. Usiugonge ukawa bapa kama jiwe: pindo linapaswa kushika, siyo kubana.

Mishono ya kukata upana ikunjwe milimita 20 kwa kila bati na zishikane kama vidole vilivyopinda, huku ukiacha milimita mbili au tatu za kucheza. Mishono hiyo isikutane kwa mstari mmoja kwenye safu mbili za jirani. Ipishane, la sivyo pembe nne zitarundikana mahali pamoja na mshono uliosimama hautakunjika.

Hesabu ya vifaa kwa paa la mita 40 za mraba huenda hivi. Kila bati linafunika milimita 520 kwa 1,740, yaani mita za mraba 0.9. Utahitaji 45, na ukiongeza asilimia 10 za makosa na kona, nunua 50. Kila moja lina uzito wa kilo 6.75, hivyo jumla ni karibu kilo 340, na hakikisha kenchi zimekaguliwa kabla ya kuzirundika juu mahali pamoja. Mishono iliyosimama itafika mita 77, sawa na klipu 260, na ongeza 50 za mishono ya upana. Misumari iwe 620 na ziada.

Mshono uliolala, mifereji na lehemu

Kwenye kuba, vibaraza na mapaa yaliyo karibu kulala, shaba hukatwa vipande vidogo, kwa kawaida milimita 450 kwa 600, kingo hukunjwa milimita 20, pembe hukatwa, vipande hushikana kwa klipu na kila mshono hulehemiwa. Eneo lote likishalehemiwa linakuwa bati moja kubwa, kwa hiyo rudi kwenye hesabu ya kutanuka na uligawe kwa viungo vya wazi.

Mfereji ndio unaoharibika kwanza katika jengo lolote. Uwe na mteremko wa milimita 5 kwa kila mita. Kingo zake zisipigiliwe. Zinase kwenye ukanda wa shaba uliopigiliwa kwanza mbaoni. Kona za ndani zisiwe kali: mbao za pembeni zikilala kidogo nje, bati hupinda kwa upole na halichoki haraka. Kumbuka pia kwamba bomba la kushushia maji limeushika mfereji, hivyo hapo ndipo mahali pasipocheza, na mwendo wote unatoka hapo kwenda pembeni. Kiungo cha kutanukia kikae sehemu ya juu kabisa ya mteremko, katikati ya mabomba mawili: vifuniko viwili vilivyosimama, vimeachana angalau milimita 25, na kofia ya shaba inayovifunika bila kulehemiwa.

Lehemu huziba maji, haibebi mzigo. Nguvu itoke kwenye pindo, au kwenye ribiti za shaba kila baada ya milimita 75 pale ambapo bati limelazwa juu ya bati. Utaratibu wake ni huu:

1. Safisha kingo mpaka zing'ae, pande zote mbili, upana wa milimita 40.
2. Paka flaksi (dawa inayosaidia lehemu kushika), kisha zipake lehemu nyembamba kabla ya kukunja. Lehemu ya nusu risasi nusu stani huanza kulainika kwenye nyuzi 183. Ukitumia isiyo na risasi, utahitaji joto zaidi, na pasi ya kulehemu isiyopoa upesi.
3. Unganisha pindo, ligonge lilale, piga ribiti kama zinahitajika.
4. Pasha kwa pasi nzito ya kulehemu, kichwa cha nusu kilo au zaidi, ukikilaza juu ya mshono. Sogea polepole: shaba hukimbiza joto haraka, na lehemu huifuata shaba iliyopata joto, haifuati pasi.
5. Hakikisha lehemu imepenya upana wote wa pindo. Kata kipande cha majaribio ukitazame kwa ndani kabla hujaanza kazi yenyewe.
6. Osha kwa maji mengi siku hiyohiyo. Flaksi ya kloridi ya zinki ikiachwa huendelea kula na huacha michirizi ya kijani.

Lehemu iliyokaa juu ya mshono kama utepe, bila kuingia ndani, huonekana nzuri na hupasuka baada ya misimu michache. Kosa hili ndilo linalorudisha mafundi juu ya paa kuliko mengine yote.

Na shaba ya zamani? Lehemu haishiki utando wa kijani wala kahawia. Upande wa juu utausafisha, lakini upande wa chini ya pindo hutaufikia. Ndiyo sababu kiraka kilicholehemiwa juu ya bati kuukuu hakidumu. Fungua mishono na ubadilishe bati zima kutoka mshono hadi mshono, hata kama tundu ni dogo kama punje ya mtama.

Moto unahitaji neno la peke yake. Tarehe 30 Agosti 1989, jumba la Uppark huko Uingereza liliungua wakati mafundi wakirekebisha risasi ya paani kwa kichomeo, kazi ikiwa karibu kukamilika. Vumbi la karne nyingi, viota vya ndege na mbao kavu chini ya bati hushika cheche na kufukuta kimyakimya kwa saa nzima kabla ya mwali kuonekana. Lehemu unachoweza kulehemu karakanani. Juu ya paa tumia pasi badala ya mwali wazi, weka kizima moto na ndoo ya maji mkononi, acha kazi ya moto mapema mchana, na mtu abaki akikagua, pamoja na dari kwa ndani, angalau saa moja baada ya kichomeo kuzimwa.

Mapambo

Maua, vichwa vya simba, ncha za minara na vishale vya upepo hutengenezwa kwa kugonga bati laini, au kwa kulishindilia kwenye kalibu. Shusha pambo zima likiwezekana, lichukulie umbo kwa plasta, na tumia lile lililobaki vizuri kuwa mfano wa yote yaliyopotea. Usichonge kwa kukisia kutoka picha ikiwa kipande halisi kipo.

Shaba inagongwa ikiwa baridi, na kadiri unavyogonga ndivyo inavyogangamaa. Ukisikia mlio wa nyundo umegeuka kutoka mzito kuwa mwembamba na wa juu, acha. Pasha bati mpaka liwe na wekundu hafifu unaoonekana kivulini, kisha liache lipoe au litumbukize majini. Tofauti na chuma cha visu, shaba haigangamai kwa kuzamishwa majini, na maji husaidia kubandua magamba meusi. Pambo lenye kina kirefu hupashwa hivi mara nyingi. Anayevuta kazi bila kulainisha huishia na nyufa kwenye sehemu iliyonyooshwa zaidi, kama pua au ncha ya jani. Weka bati juu ya mfuko wa mchanga kwa umbo kubwa, na juu ya ulimbo wa lami kwa mistari midogo.

Ndani ya pambo kubwa mara nyingi kuna mifupa ya chuma, na hapo ndipo maradhi yalipo. Sanamu ya Uhuru ya New York, iliyozinduliwa mwaka 1886, ina ngozi ya shaba yenye unene wa milimita 2.4 iliyoshikwa na fito za chuma. Kati ya metali hizo mbili palikuwa na tabaka la kuzitenganisha, nalo lilichakaa. Unyevu ulipoingia, umeme mdogo ukapita kati yake, chuma kikaota kutu, kutu ikavimba na kung'oa ribiti za shaba. Katika ukarabati wa 1984 hadi 1986 fito hizo zilibadilishwa kwa chuma cha pua na kutenganishwa na shaba kwa utepe wa Teflon. Fanya hivyohivyo kwenye pambo lako, hata kama lina urefu wa mita moja tu: fito za chuma cha pua, kitenganishi kisichonyonya maji, na tundu dogo sehemu ya chini kabisa ili maji yanayoingia yapate kutoka.

Pambo la zinki lirekebishwe kwa zinki. Kuweka jani jipya la shaba juu yake ni kulihukumu.

Rangi na madoa

Utando wa kijani ni ngozi ya kinga. Usiusugue, usiupake tindikali, usiung'arishe. Kufanya hivyo ni kuondoa metali halisi na kuanza upya ulikaji uliokuwa umetulia. Bati jipya litang'aa kwa muda, likawa kahawia, na kijani kikaja baadaye kwa kasi ya hewa ya mahali penyewe. Karibu na bahari huja mapema, na kwenye kuta zilizosimama wima huchelewa sana. Mahali ambapo kiraka kinachong'aa kitaumiza macho, chukua bati la kijani lililo zima kutoka upande usioonekana wa paa ulitumie hapo, na lile jipya liende nyuma.

Vaa glavu safi za pamba unaposhika bati jipya, kwani alama za vidole vyenye jasho hubaki zikionekana kwa miezi. Na kwa upande usioonekana wa kila kipande kipya, gonga mwaka wa kazi kwa muhuri wa chuma. Mkataba wa Venice wa 1964, ule wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, unataka sehemu mpya ipatane na jengo lakini iweze kutofautishwa na ya asili, na namba nne zilizogongwa nyuma zinatosha kumwambia fundi ajaye.

Madoa ya kijani kwenye mawe huzuiwa kuliko kusafishwa. Ukingo wa paa utokeze milimita 30 hadi 40 nje ya ukuta na uishie kwa pindo linaloelekea chini, ili maji yadondoke badala ya kurudi ukutani.

Kukabidhi kazi

Kabla jukwaa halijashushwa, ziba bomba la mfereji, jaza maji na uyaache kwa saa kadhaa huku mtu akiangalia dari kwa ndani. Paa lenyewe limwagie maji kuanzia chini kwenda juu, safu moja baada ya nyingine, dakika kumi kila mahali. Ukianzia juu hutajua ni mshono gani ulioingiza maji. Okota misumari yote, mabaki ya waya na vumbi la chuma lililotokana na kukata, kwa sababu hata chembe za mashine ya kukatia huota kutu na kuchafua shaba.

Mwenye jengo apewe mchoro wenye namba, kipande cha mshono wa kale, mabati mawili matatu ya akiba kutoka mzigo uleule, na maagizo ya kusafisha mifereji mara mbili kwa mwaka kwa ufagio na koleo la mbao au la plastiki, si la chuma. Atakayepanda kufunga antena au waya asitoboe bati wala asifunge kitu kwenye mishono bila fundi wa shaba kuwepo.